Henry Leland: Mzee wa Cadillac aliyetaka kila spea iingie mahali pake

TREKTA la mkulima wa Bassotu likikatika bolti katikati ya msimu wa kulima, mwenyewe hahangaiki kutafuta mhunzi wa kumfulia nyingine. Anampigia simu mwenye duka la spea Katesh, Babati au Arusha, anataja aina ya trekta na namba ya kifaa, na kesho yake mzigo unashuka na basi. Kama si feki, bolti inaingia na kazi inaendelea.

Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba hatulifikirii. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyenunua gari hakuwa na uhakika huo. Mafundi wa viwanda vingi vya magari walikuwa wakikaa na tupa mkononi, wakisugua kifaa hiki kidogo na kile kidogo mpaka vikubaliane. Gari likitoka kiwandani lilikuwa la peke yake, na kifaa chake kikivunjika, kingine kilipaswa kusuguliwa upya kwa ajili ya gari hilo hilo.

Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuiondoa hali hiyo ni Mmarekani Henry Martyn Leland. Ajabu ni kwamba wengi wanaolitaja jina lake leo hawalitaji kwa sababu ya spea. Wanamkumbuka kama mwanzilishi wa Cadillac na Lincoln, yale magari marefu ya kifahari ambayo mpaka leo yana wapenzi duniani kote. Mpenzi msomaji, huenda umeyaona kwenye filamu au kwenye kalenda za zamani: bodi ndefu, nikeli inayong'aa mbele, mabawa nyuma kama ya ndege, na viti ambavyo watu watatu walikaa mbele bila kubanana. Cadillac ya mwaka 1959 ilikuwa na urefu wa karibu mita 5.7.

Huku kwetu magari ya namna hiyo yalikuwa machache. Mengi yalitengenezwa usukani ukiwa kushoto, na sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Magari ya kampuni za Kimarekani yaliyofika kwa wingi Afrika Mashariki enzi za Waingereza yalikuwa ya kazi zaidi, Ford na Chevrolet, na mengi yaliundwa Kanada ambako viwanda viliweka usukani kulia kwa ajili ya makoloni ya Uingereza. Isitoshe, kuiteremsha Cadillac ya mita 5.7 kwenye kona za mteremko wa Magara kungehitaji moyo wa chuma, hata leo.

Hivyo Mbulu na Hanang hazikumjua Leland kwa magari yake, bali kwa njia yake ya kazi, ambayo imo ndani ya kila Landrova, kila Fuso na kila kombaini iliyowahi kuvuna ngano chini ya Mlima Hanang.

Mtoto wa shamba

Leland alizaliwa Februari 16, 1843, katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, nchi ya vilima na baridi. Alikuwa wa mwisho katika familia ya watoto wanane. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na kitu, na watu wa dini sana. Akiwa bado kijana mdogo familia ilihamia Worcester, Massachusetts, mji wa viwanda, naye akaingia kwenye kiwanda cha mashine za kufumia nguo.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza mwaka 1861, kijana huyu alikuwa tayari anaijua kazi ya chuma. Alipelekwa kwenye kiwanda cha bunduki cha serikali kilichokuwa Springfield, na baadaye akafanya kazi katika kiwanda cha bastola cha Colt, Hartford. Hapo ndipo alipopata somo la maisha yake. Bunduki za jeshi zilipaswa kutengenezwa kwa vifaa vinavyofanana kabisa, kwa sababu askari aliye porini hana nafasi ya kukaa na tupa. Kifyatulio cha bunduki iliyoharibika kilipaswa kuingia kwenye bunduki ya mwenzake.

Mwaka 1872 alihamia kampuni ya Brown & Sharpe huko Providence, waliokuwa mabingwa wa vyombo vya kupimia chuma na watengenezaji wa cherehani. Alikaa hapo karibu miaka 18. Pamoja na usimamizi wa cherehani, anatajwa kuwa alishiriki kuunda mashine ya mkono ya kunyolea nywele, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya kila kinyozi. Lakini alichokichukua hasa kutoka Providence kilikuwa tabia ya kupima. Alizoea kufikiri kwa sehemu 1 ya 1,000 ya inchi, kipimo chembamba kuliko unywele.

Alikuwa na umri wa miaka 47 alipoamua kujitegemea. Wengi wetu katika umri huo tunaanza kuhesabu miaka iliyobaki kazini. Leland aliungana na tajiri wa mbao aitwaye Robert Faulconer, wakafungua karakana Detroit mwaka 1890. Faulconer alileta fedha na Leland alileta ujuzi. Walitengeneza gia, vifaa vya baiskeli na injini, na sifa yao ikawa moja: kazi yao ilikuwa ghali kidogo, lakini hairudi.

Aliyetumwa kuuza akashauri wasiuze

Mwaka 1901, Ransom Olds, mwenye magari ya Oldsmobile, aliwapa Leland na mwenzake kazi ya kumtengenezea injini. Karakana nyingine, ya ndugu wawili Dodge, ilipewa pia kazi kama hiyo kwa mchoro ule ule. Injini za Leland zikatoa nguvu zaidi. Hakukuwa na siri isipokuwa kwamba vifaa vyake vilikaa vizuri zaidi, na nguvu kidogo ilipotea katika msuguano. Leland akaendelea kuiboresha injini ile mpaka nguvu yake ikaongezeka mara kadhaa, akampelekea Olds. Olds akaikataa, kwa kuwa kubadili injini kungemchelewesha na wateja walikuwa wamepanga foleni.

Leland akabaki na injini nzuri isiyo na gari.

Mwaka uliofuata, 1902, wafanyabiashara wawili wa Detroit, William Murphy na Lemuel Bowen, walimwita. Walikuwa wameweka fedha katika kampuni ya kijana mmoja mbishi aitwaye Henry Ford, wakashindwana naye, na Ford akaondoka na dola 900 na haki ya kutumia jina lake. Sasa walitaka kufunga kiwanda na kuuza mashine. Leland alitakiwa apange bei tu.

Akapanga bei. Lakini siku ya kupeleka taarifa alikuja pia na ile injini iliyokataliwa, akawashauri wasiuze. Mashine wanazo, jengo wanalo, na injini hii hapa. Wakakubali. Agosti 1902 kampuni ikapewa jina jipya, Cadillac, kwa heshima ya Mfaransa Antoine de la Mothe Cadillac aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka 1701. Katika maonyesho ya magari ya New York mwanzoni mwa 1903, oda zilizidi magari 2,000, na wauzaji wakalazimika kutangaza kwamba mzigo umekwisha.

Mwandishi wa makala haya anaona hapa ndipo akili ya biashara ya Leland ilipong'aa kuliko mahali pengine popote. Mtu wa kupanga bei hulipwa ujira wake akaenda zake, na Leland naye angeweza kufanya hivyo.

Magari matatu yaliyochanganywa

Mwaka 1908 wakala wa Cadillac mjini London, Frederick Bennett, alitaka kuwathibitishia Waingereza kwamba magari ya Marekani si takataka za bei rahisi. Wakati huo Waingereza waliamini gari zuri ni lile lililosuguliwa kwa mkono. Chama cha magari cha nchi hiyo kikaandaa jaribio lisilo la kawaida.

Magari 3 ya Cadillac ya aina moja yalichaguliwa kutoka kwenye stoo ya wakala. Yakaendeshwa kidogo katika uwanja wa mbio wa Brooklands, kisha yakafunguliwa yote mpaka bolti ya mwisho. Kila gari lilikuwa na vifaa zaidi ya 700. Vifaa vyote vikachanganywa, mpaka haikujulikana kipi kilitoka gari lipi. Wasimamizi wakaondoa vifaa 89 na kuweka vingine vipya kutoka kwenye rafu za wakala, spea za kawaida ambazo mteja yeyote angeuziwa.

Kisha mafundi wakaambiwa wayaunge upya. Waliruhusiwa kutumia spana na bisibisi peke yake. Tupa haikuruhusiwa, nyundo ya kulazimisha haikuruhusiwa.

Magari yote 3 yakaunganishwa, rangi zikiwa mchanganyiko. Yakawashwa, yakawaka. Yakakimbizwa uwanjani maili 500, sawa na kilometa 800 hivi, yakamaliza. Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar, iliyokuwa tuzo kubwa ya ufundi wa magari, na ikawa mara ya kwanza kwa kampuni ya Kimarekani kuipata.

Kwa fundi yeyote wa gereji ya Haydom au Endasak jaribio hili halihitaji maelezo. Ni yule yule fundi ambaye mara kwa mara huletewa Landrova mbili mbovu ili atoe moja nzima. Akifanikiwa, ni kwa sababu waliozitengeneza walifuata nidhamu ile ile iliyoonyeshwa Brooklands. Na akishindwa, mara nyingi ni kwa sababu mtu ameuziwa spea feki, yaani kifaa kilichofanana kwa macho lakini hakikufanana kwa kipimo.

Wenye umri mkubwa wilayani Hanang watakumbuka pia upande mwingine wa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO katika tambarare za Bassotu, kila moja likiwa na ukubwa wa ekari 10,000 hivi, yalilimwa kwa mashine zilizokuja na msaada wa Kanada. (Ardhi yenyewe ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na malalamiko yao yalifika mahakamani, hilo ni suala linalostahili makala yake.) Mashine zile zilikuwa nzuri, lakini spea zake zilitoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Leland aliweza kuhakikisha kifaa kinaingia. Kukifikisha kwenye rafu ya duka la jirani ilikuwa kazi ya mwingine.

Hendeli na stata

Mwaka 1909 William Durant, aliyekuwa akiikusanya General Motors, aliinunua Cadillac kwa mamilioni ya dola. Leland na mwanawe Wilfred wakabaki kuiendesha. Mzee alikuwa na miaka 66, mrefu, mwenye ndevu nyeupe, asiyependa sigara wala pombe, na akizunguka kiwandani vijana walikaa sawa.

Wakati huo gari liliwashwa kwa kupiga hendeli mbele, kama walivyofanya madereva wa malori ya zamani. Hendeli ikirudi kwa nguvu ilivunja mkono. Inasimuliwa kuwa rafiki yake Leland, mtengenezaji magari Byron Carter, aliumizwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika, na baadaye akafariki mwaka 1908. Wanahistoria hawakubaliani juu ya kila sehemu ya habari hiyo. Lililo wazi ni kwamba Leland alitaka hendeli iondoke, na kazi ikakabidhiwa kwa mhandisi Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata ya umeme pamoja na taa za umeme, na tuzo ya Dewar ikaja mara ya pili. Miaka michache baadaye, kwa toleo la mwaka 1915, ikaja injini ya silinda 8 za mtindo wa V, ambayo ndiyo babu wa injini kubwa zilizokuja kubeba magari yote yale marefu.

Kijiti kinachoingia kwenye kifyatulio cha bunduki na gari la kifahari havionekani kuwa na uhusiano. Lakini gari kubwa lililo kimya, lisilotetemeka, haliwezekani bila vipimo vya karibu. Ukubwa na nikeli vilikuja baadaye, vikawekwa juu ya kazi hiyo.

Kampuni ya pili, na mteja aliyekuja na fedha

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Leland alitaka kutengeneza injini za ndege. Durant hakutaka. Mzee wa miaka 74 akaondoka na mwanawe, akaanzisha kampuni nyingine kabisa. Akaiita Lincoln, jina la rais ambaye alimpigia kura ya kwanza ya maisha yake mwaka 1864. Kiwanda kikajengwa haraka, na mpaka vita inakwisha kikawa kimetoa injini za ndege zaidi ya 6,000.

Novemba 1918 vita ikaisha, na oda zikakatika. Leland akabaki na kiwanda kikubwa, wafanyakazi maelfu na madeni. Akarudi kwenye magari. Wanahisa walinunua hisa za Lincoln kwa kasi, kwa sababu ya jina lake tu.

Gari la Lincoln lililotoka mwaka 1920 lilikuwa bora kwa chuma chake, lakini lilichelewa. Mzee hakukubali litoke kabla hajaridhika na kila kipimo. Na lilipotoka, umbo lake lilikuwa la kizamani. Michoro ya bodi ilikuwa mikononi mwa mkwewe, ambaye uzoefu wake wa mwanzo ulikuwa katika kofia za wanawake. Bei ilizidi dola 4,000 wakati Ford Model T ilipatikana chini ya dola 500. Uchumi wa Marekani ukaporomoka mwaka huo huo, na bei za mazao zikaanguka pamoja nao. Wateja wakakaa na fedha zao.

Kisha ikaja serikali na dai la kodi la mamilioni ya dola kutokana na mapato ya wakati wa vita. Dai hilo baadaye lilionekana kukokotolewa vibaya na likapunguzwa sana, lakini kwa Lincoln ilikuwa limeshachelewa. Benki zilikwishaogopa. Novemba 1921 kampuni ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama.

Mnunuzi aliyejitokeza alikuwa Henry Ford, yule yule aliyeondoka na dola 900 miaka 20 iliyopita. Alitaka kutoa dola milioni 5. Jaji akakataa, akaweka kima cha chini dola milioni 8. Februari 4, 1922 mnada ukafanyika, na Ford akachukua kwa milioni 8 hizo. Detroit ilishangilia, bendi ilipigwa. Ilionekana tajiri mkubwa amemwokoa mzee anayeheshimiwa.

Akina Leland waliamini wamekubaliana mambo mawili na Ford: kwamba wataendelea kuongoza kiwanda, na kwamba wadai na wanahisa wa mwanzo, wale waliotoa akiba zao kwa kuliamini jina la Leland, watarudishiwa fedha. Makubaliano hayo yalikuwa ya mdomo.

Watu wa Ford wakaingia kiwandani. Amri zikaanza kutoka pande mbili. Juni 10, 1922, miezi minne tu baada ya mnada, Wilfred aliambiwa aondoke, na baba yake akaondoka naye. Wadai baadaye walilipwa na Ford. Wanahisa wa mwanzo hawakulipwa. Leland akaenda mahakamani, si kwa ajili ya kurudishiwa kiwanda, bali kwa ajili ya watu hao. Kesi ilichukua miaka na akashindwa. Fundi aliyekataa kifaa kilichozidi kwa unene wa unywele hakuwa na karatasi yenye sahihi.

Ni haki pia kueleza upande wa pili. Chini ya Edsel, mtoto wa Ford, Lincoln ilipata umbo zuri na fedha, na ikawa gari la marais. Bila Ford huenda jina hilo lingekufa mwaka 1922.

Leland alifariki Detroit Machi 26, 1932, akiwa na miaka 89. Hakuyaona magari ya mita 5.7 yenye mabawa, yaliyofuata baada ya Vita ya Pili. Hakuiona pia mwaka 1973 bei ya mafuta ilivyopanda na kuanza kuyaua, mpaka viwanda vya Marekani vikaanza kuyafupisha. Kuba, ambako magari mapya ya Kimarekani yaliacha kuingia baada ya Marekani kuweka vikwazo mwanzoni mwa miaka ya 1960, mafundi wameendelea kuyatembeza yale ya zamani kwa kuyafungia injini za magari mengine kabisa, kazi ambayo fundi wa Katesh angeielewa mara moja.

Kampuni zake zote mbili bado zinatengeneza magari. Cadillac ni ya General Motors, na Lincoln mpaka sasa ni ya Ford.